Sindano ya mgongoni au usingizi kamili kwa upasuaji wa mfuko wa nyongo?

"Habari daktari. Nina miaka 44, naishi Njombe. Nimepigwa ultrasaundi nikakutwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo, na mwezi ujao nimepangiwa kuutoa kwa upasuaji wa matundu madogo. Nimeambiwa nitapewa nusukaputi. Nimejifungua mara mbili kwa upasuaji, na mara zote mbili nilichomwa sindano ya mgongoni nikawa macho hadi mtoto analia. Baada ya ule wa pili kichwa kiliniuma siku tano. Nina pumu inayonishika kipindi cha baridi. Shemeji yangu alitolewa mfuko wa nyongo hospitali nyingine kwa sindano ya mgongoni, hakulazwa usingizi. Kwa nini mimi nilazwe? Naogopa kutoamka, naogopa na pumu. Ila mgongo nao unaniuma tangu nizae, na watu wanasema ni ile sindano. Je, nina haki ya kukataa nusukaputi nikaomba sindano?"

Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo jepesi. Haki unayo. Hakuna anayeruhusiwa kukulaza usingizi wala kukuchoma sindano bila ridhaa yako, na ile fomu utakayopewa kusaini inapaswa kuja baada ya mazungumzo, si badala yake. Ila daktari wa usingizi naye ana haki ya kukwambia, "Kwa upasuaji huu na kwa mwili wako, njia hiyo siioni salama," kisha akakueleza kwa nini. Naona kwako sehemu ya "kwa nini" ndiyo iliyorukwa.

Na hoja yako ina mashiko. Kama tumbo limepasuliwa mara mbili ukiwa macho na kisu hukukisikia, kwa nini safari hii ulazwe? Wagonjwa wengi huliuliza swali hili wakiwa tayari mlangoni mwa thieta, wameshavaa gauni la kijani, mahali ambapo hakuna mwenye nafasi ya kukaa chini na kulijibu.

Tuanze na neno lenyewe, maana linatisha watu bure. Kaputi katika mazungumzo yetu ni kufa au kuharibika, kwa hiyo anayesikia nusukaputi anajiona ameshavuka nusu ya njia. Mimi husema usingizi kamili. Watu wengi wanadhani unachomwa sindano moja kubwa, kisha sisi tunasimama pembeni kusubiri kama utaamka. Sivyo. Dawa ya kukulaza, kwa kawaida propofoli au ketamini, huisha nguvu ndani ya dakika chache tu. Kinachokuweka usingizini baada ya hapo mara nyingi ni gesi unayovuta kupitia mashine, na kuna mtu ameketi kichwani pako muda wote akiipandisha na kuishusha, huku macho yake yako kwenye presha, mapigo ya moyo, oksijeni na hewa unayotoa. Upasuaji ukiisha anaifunga gesi, nawe unaitoa kwa pumzi zako hadi unazinduka. Yule mtu haendi kunywa chai katikati ya kazi.

Sasa sindano. Bila shaka unakumbuka ulivyokalishwa ukingoni mwa kitanda, ukaambiwa ukumbatie mto na ujikunje kama jongoo aliyeguswa. Kujikunja kule hufungua nafasi kati ya pingili. Sindano nyembamba hupita karibu na usawa wa mifupa ya nyonga hadi kwenye mfuko wa maji unaozunguka neva. Ugwe wenyewe, ile shina kubwa ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo, kwa mtu mzima huishia juu ya hapo, karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini yake kuna nyuzi za neva zinazoelea majini kama nywele za mkia wa farasi, na mara nyingi husogea zikiguswa. Ndiyo maana hofu ya kupoozeshwa na sindano ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Madhara ya kudumu kwenye neva yapo, siwezi kusema hayapo, lakini ni nadra sana.

Dawa inayoingizwa, mara nyingi bupivakaini mililita mbili hadi tatu na ushei, imechanganywa na sukari ili iwe nzito kuliko maji yale. Kitu kizito hufuata mteremko. Tukikulaza chali inatambaa kuelekea kifuani, nasi tunaifuata kwa pamba yenye spiriti: "Hapa baridi? Hapa je?" Pajani unasema hapana. Kitovuni hapana. Karibu na chuchu unashtuka, "Eh, hapo baridi!" Hapo ndipo ganzi ilipoishia. Kwa upasuaji wa uzazi tunataka ifike usawa huo wa chuchu, na kwa mfuko wa nyongo tunataka usawa huohuo. Mpaka hapa hoja yako bado imesimama.

Inapoyumba ni kwenye kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mfuko wa nyongo umejibanza chini ya ini, upande wa kulia, na ini lenyewe limeegemea kiwambo. Kiwambo nacho kina jambo la ajabu: neva yake kuu haitoki mgongoni usawa wa tumbo wala wa kifua, inatoka shingoni. Mtoto anapoumbwa, kiwambo huanzia karibu na shingo, halafu hushuka huku kikiiburuta neva yake, mithili ya mtu aliyehama na mbuzi wake kambani. Ganzi inayoishia kwenye chuchu haijaifikia neva hiyo. Na hatutaki iifikie, kwa sababu ganzi ikifika shingoni utashindwa kupumua. Basi kiwambo kikivutwa au kikisukumwa, taarifa inaingia kwenye ubongo kwa mlango wa shingo, na ubongo unaamini ni bega. Nimewasikia wagonjwa ambao ganzi yao imeshika vizuri kabisa, tumbo zima limekufa, wakisema kwa sauti ya kushangaa: "Daktari, mbona bega la kulia linang'oka?"

Kwenye upasuaji wa uzazi kazi kubwa iko chini ya kitovu, na kiwambo huachwa kwa kiasi kikubwa. Tena kwa mjamzito sindano hupendelewa kwa sababu za pekee: njia yake ya hewa huvimba ikawa ngumu kuwekewa mpira wa kupumulia, chakula hukawia tumboni, na dawa za usingizi humfikia mtoto. Sababu hizo, wewe wa leo huna hata moja.

Halafu kuna hayo matundu madogo yenyewe. Ili daktari aone ndani kwa kamera, tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi, kwa kawaida kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Tumbo huinuka kama unga uliochachuka. Kitanda huinuliwa upande wa kichwa na kulazwa kidogo kushoto ili utumbo uporomoke na mfuko wa nyongo uonekane. Hewa hiyo inakisukuma kiwambo juu na kukikera, na sehemu yake huingia kwenye damu, hivyo lazima itolewe kwa kupumua zaidi ya kawaida. Ukiwa usingizini mashine inakupumulia na sisi tunaongeza kasi yake. Ukiwa macho, kazi hiyo ni yako, na misuli ya kati ya mbavu imedhoofishwa na ganzi. Mtu mwenye mapafu mazima huimudu. Mwenye pumu iliyoamka, sina hakika kama ningetaka kujaribu.

Kuna na neva nyingine, inayoshuka kutoka kichwani moja kwa moja hadi matumboni, ambayo sindano ya mgongoni haiigusi kabisa. Mfuko wa nyongo ukivutwa, neva hiyo huweza kuyashusha mapigo ya moyo ghafla na kukuletea kichefuchefu. Sindano iliyopanda hadi kifuani nayo hushusha presha na mapigo. Mambo hayo mawili yakikutana, anayekaa kichwani pako anatakiwa awe na efedrini na atropini, dawa za kupandisha presha na mapigo, zimeshavutwa kwenye bomba la sindano, siyo ndiyo anatafuta kichupa kabatini.

Je, shemeji yako amekudanganya? La. Jambo hilo linafanyika, na limechunguzwa. Mwaka 2008 madaktari wa Ugiriki walichapisha matokeo ya wagonjwa 100 wa matundu madogo waliogawanywa kwa bahati nasibu, nusu sindano nusu usingizi, na wale wa sindano walikuwa na maumivu madogo zaidi baada ya upasuaji. Mwaka uliofuata daktari mmoja na wenzake nchini India walieleza uzoefu wao na wagonjwa zaidi ya 3,000 waliofanyiwa hivyohivyo. Kwa hiyo anayekwambia haiwezekani amekosea. Lakini hayo hufanywa na mikono iliyozoea, ambayo haichezi na muda, na kwa kawaida shinikizo la hewa hupunguzwa, mgonjwa huchaguliwa, naye huongezewa dawa mshipani bega linapoanza kulalamika. Na hata huko, wapo waliolazimika kulazwa usingizi katikati ya kazi.

Inawezekana pia shemeji yako alipasuliwa kwa njia ya wazi, mkato mrefu chini ya mbavu za kulia. Njia hiyo haina hewa ya kujaza tumbo, kwa hiyo sindano huvumilika zaidi, ingawa ini likivutwa utalijua. Niseme wazi jambo ambalo wenzangu hawapendi liandikwe: kuna hospitali zetu ambako sindano huchaguliwa kwa sababu mashine ya usingizi ni mbovu siku hiyo, au gesi imekwisha. Silaumu. Mgonjwa wa dharura hawezi kusubiri fundi. Ila hiyo ni sababu ya ghala, usiichukue ukaifanya sababu ya kitabibu kwa upasuaji wako wa kupangwa.

Jambo moja zaidi kuhusu sindano ambalo watu hawaambiwi. Ganzi yake haiishi mwili mzima kwa mpigo, inashuka kama bahari inavyokupwa: sehemu ya juu hukauka kwanza, miguu mwisho. Uzazi huchukua muda mfupi, hivyo hukuliona hilo. Mfuko wa nyongo uliowahi kuvimba mara nyingi hugandamana na vitu vya jirani, na upasuaji wa saa moja ukageuka wa saa mbili na nusu. Maji yakianza kupwa, mahali pa kwanza kuzinduka ni palepale chini ya mbavu ambapo daktari bado anafanya kazi. Hapo tutakulaza usingizi tu, tena kwa haraka, tumbo liko wazi. Ndiyo maana hata anayechomwa sindano anafungishwa chakula sawasawa na wa nusukaputi: chakula hakuna kwa saa sita, maji matupu au chai ya rangi hadi saa mbili kabla.

Pumu sasa. Hofu yako ni ya haki, ila umeielekeza pasipo. Gesi za usingizi, kama isoflureni na halotheni, hupanua njia za hewa, na ketamini vilevile. Kinachoweza kuichokoza pumu ni mpira wa kupumulia unapopita kooni, hasa kama usingizi bado haujakolea. Dawa yake ni kukulaza vya kutosha kwanza, kukupa pampu kabla ya kuingia, na kuliko vyote, kutokufanyia upasuaji wa kupangwa wakati kifua kinapiga filimbi. Umesema inakushika kipindi cha baridi. Kama mwezi uliopangiwa ni Juni au Julai na huko Njombe sakitu imeshaanza kuonekana asubuhi, mwambie daktari. Mawe yasiyo na homa wala manjano kwa kawaida yanaweza kusubiri majuma machache.

Kutoamka. Sitakwambia hakujawahi kutokea. Nitakwambia hatari iko wapi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika nchi 25 za Afrika. Vifo vilikuwa kama asilimia 2, takribani mara mbili ya wastani wa dunia, na wengi mno kati ya waliofariki hawakufia mezani chini ya dawa ya usingizi. Walifariki siku zilizofuata, wakiwa wameshatoka thieta. Tangu niusome, wagonjwa wakiniuliza "sindano au nusukaputi?" huwa nawaongezea swali: usiku ule wa kwanza nani atakupima presha, kila baada ya muda gani, na akiona imeshuka atampigia nani? Mgonjwa aliyelala usingizi kamili akaangaliwa vizuri wodini namwona salama kuliko aliyechomwa sindano akaachwa na ndugu zake hadi asubuhi. Kama ni kuamka katikati ya upasuaji ndiko unakohofia, ukaguzi mkubwa uliofanywa Uingereza na Ireland ulikuta taarifa moja hivi kwa kila usingizi 19,000.

Kichwa chako cha siku tano: kilikuwa kinauma ukikaa au kusimama, na kupoa ukilala? Kama ndiyo, maji ya mgongoni yalivuja kupitia tundu la sindano. Ni kisa cha zamani kama fani yenyewe. August Bier, aliyeianzisha ganzi ya mgongoni mwaka 1898 huko Kiel, Ujerumani, alikubali achomwe yeye mwenyewe kwa majaribio, na kichwa kikamlaza kitandani siku kadhaa. Sindano za leo ni nyembamba zaidi na zina ncha ya penseli inayopanua nyuzi badala ya kuzikata, hivyo tatizo limepungua sana. Lakini kwa kuwa limeshakupata mara moja, nalihesabu kwenye mizani.

Maumivu ya mgongo siyaweki. Sindano huacha uchungu pale ilipoingia kwa siku chache, basi. Mgongo wa mama aliyezaa huuma kwa ujauzito uliovuta kiuno, kwa kunyonyesha ameinama, kwa kubeba mtoto na ndoo, na huwauma waliochomwa na wasiochomwa. Uchunguzwe kwa sababu zake.

Kuna hali moja inayohusu nyongo hasa ambayo inaweza kuifuta sindano kabisa. Jiwe likiziba mrija wa nyongo, macho hugeuka manjano, na mwili hushindwa kufyonza vitamini K inayosaidia damu kuganda. Kumchoma mgongoni mtu ambaye damu yake haigandi ni kukaribisha damu ivilie na kuzibana neva. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetumia dawa kali za kulainisha damu kama warfarini au klopidogreli. Kama umewahi kuwa na manjano, hata kidogo, au unatumia dawa kama hizo, liseme kabla.

Basi ningekuwa mimi ndiye niliyeketi nawe kliniki, ningekushauri usingizi kamili kwa upasuaji huu wa matundu madogo, pumu ikiwa imetulia, ukiwekewa ganzi ya kawaida kwenye vidonda na dawa ya kuzuia kutapika mapema. Ya mwisho hiyo idai. Wanawake wasiovuta sigara hutapika zaidi baada ya usingizi, na kutapika ukiwa na vidonda vinne tumboni ni adhabu. Utaamka na koo linalokwaruza siku moja au mbili, na huenda bega likauma kidogo kwa ile hewa iliyobaki. Ungekuwa unapasuliwa kwa njia ya wazi, mapafu yako mabaya na mpasuaji mwepesi, mizani ingeweza kulalia kwenye sindano, nami nisingebisha. Anayekuchunguza kwa mikono yake anaona nisichokiona hapa, hivyo akiamua tofauti, muulize sababu na umsikilize.

Omba kuonana na mtaalamu wa usingizi siku kadhaa kabla, si asubuhi ya upasuaji. Mwambie kuhusu pumu na mara ya mwisho kulazwa kwa ajili yake, kile kichwa, jino linalocheza, kukoroma, dawa zote pamoja na za mitishamba, na kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kupata shida akiwa kwenye nusukaputi. Hili la mwisho watu hulificha kwa kudhani ni mikosi ya ukoo, kumbe kwetu ni taarifa ya thamani.

Usisubiri mwezi ujao ukiona maumivu chini ya mbavu za kulia yasiyoachia kwa saa kadhaa, homa na kutetemeka, macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au kutapika kusikokoma. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata iwe usiku. Baada ya upasuaji, rudi haraka kwa homa, tumbo kuvimba na kuuma zaidi badala ya kupungua, manjano, au kifua kubana. Ikitokea umechomwa sindano, ongeza haya: miguu isiyorudisha nguvu siku hiyo, mkojo kugoma, au kichwa kinachouma pamoja na shingo kukakamaa.

Na pampu yako ya pumu ije nawe hadi kwenye kitanda cha thieta, isibaki kwenye mkoba wa dada yako huko wodini.